Gumegume, Fataki na Bamba la Babu

Bibi yangu huniita mume wake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Nilipofika Utemini kwa ajili ya arobaini ya babu, basi likiwa limenichelewesha mpaka watu wamekwisha kula, alinipokea mlangoni mbele ya wageni: "Mzee amekwenda, kaniachia mume gumegume." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sikujua kwamba neno lile lingenirudia kesho yake kwa njia nyingine kabisa.

Asubuhi alinipa mkebe wa Blue Band wenye vifaa vya babu. Mzee alikuwa fundi baiskeli, kwa hiyo nilikuta nilichotegemea: spoku, gololi, vali za tairi, funguo zisizo na kufuli. Chini kabisa kulikuwa na bamba la chuma lililozungushiwa kitambaa. "Hicho chukua wewe unayeandikaandika," bibi alisema. "Hawa wengine watakiuza kwa watu wa chuma chakavu."

Bamba lenyewe lina urefu wa sentimita 13 hivi. Upande mmoja ni mpana, upande mwingine umechongoka kama mkia wa samaki. Juu yake kuna tundu kubwa katikati na matundu madogo ya skrubu. Kuna pia vidoa vitatu vya mviringo, ambavyo ukivitazama kwa karibu unagundua kwamba ni matundu yaliyozibwa kwa chuma kingine, kisha yakasuguliwa kwa tupa mpaka yakalingana na bamba. Na karibu na mkia kuna tundu jingine, hili halikuzibwa. Limetobolewa ovyo na kingo zake zinang'aa kama kitu kilichosuguliwa kwa miaka.

Mpaka saa nne asubuhi bamba lile lilikuwa limepata bei tatu. Baba mdogo alilitazama mara moja tu, akasema, "Hiyo ni ya bunduki. Ukikutwa nayo ni kesi." Kijana wa chuma chakavu aliyepita na mkokoteni alilipima kwa mkono na kusema halifiki hata robo kilo. Binamu yangu akanipa namba ya dalali mmoja wa vitu vya kale, nikamtumia picha. Jibu lilikuja haraka: "Kaka, kama ni ya Mjerumani tunaongea milioni. Ina namba? Ukiweka sumaku inavuta au inaikimbia?"

Kesi, robo kilo, milioni. Nikaona kabla sijamsikiliza yeyote kati yao, nijue kwanza kitu chenyewe ni nini.

*

Ni bamba la mtambo wa bastola ya kushindilia, ile ambayo baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu. Urefu ndio ulionipa jibu la kwanza: bamba la msiketi wa jeshi hufika sentimita 17 au zaidi, la bastola ni fupi. Jibu la pili lilitoka kwenye vile vidoa vitatu, na hapo ndipo utani wa bibi uliponirudia.

Bunduki za zamani zilizofika pwani yetu zilikuwa na tatizo moja kubwa: namna ya kupeleka moto kwenye baruti. Kiswahili kimehifadhi majibu yote matatu ya tatizo hilo. Kwanza ilikuwa bunduki ya mrao, yaani ya utambi: mpigaji alitembea na utambi unaofuka, akiubonyeza kwenye baruti alipotaka kupiga. Kisha ikaja bunduki ya gumegume. Gumegume ni jiwe gumu la kutoa cheche. Jiwe lilibanwa kwenye taya za nyundo, ukifyatua linapiga kibao cha chuma, cheche zinaangukia kisahani chenye baruti, moto unapita kwenye kitundu cha pembeni na kuingia ndani ya mtutu. Tatu ni bunduki ya fataki. Hii haikuhitaji jiwe wala kisahani. Kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali ndani yake kilivalishwa kwenye ncha ya chuma yenye tundu, nyundo ikakigonga, kikalipuka.

Aliyeanzisha safari ya kuelekea kwenye fataki alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda ndege. Kilichomkera ni kwamba ndege waliona mwako wa kisahani na kuruka kabla risasi haijatoka. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo uliotumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Katika miaka ya 1820 fataki za shaba zilikuwa zimeenea, na miaka ya 1840 majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yanaacha jiwe.

Lakini nani atupe silaha milioni moja nzima kwa sababu ya kisahani? Mafundi wakaanza kubadilisha. Kisahani kinakatwa. Kibao cha kupigwa na jiwe kinang'olewa pamoja na springi yake. Nyundo yenye taya inaondolewa na kuwekwa nyingine yenye kichwa bapa. Kile kitundu cha pembeni kinawekewa ncha ya kuvalishia fataki. Na matundu ya skrubu yaliyobaki wazi kwenye bamba, yale ya kibao na springi, yanazibwa. Ni matatu kwa kawaida.

Vidoa vitatu vya bamba la babu ni hayo. Lilizaliwa gumegume, likafanywa fataki.

*

Wasomaji wa hapa mnapenda maneno, basi tusimame kidogo. Bunduki ya jiwe ilipopitwa na wakati, jina lake halikufa. Lilihamia kwa watu. Gumegume akawa mtu asiyefaa kitu, na hasa mwanamume asiyeweza kutunza nyumba: umbo la mume analo, moto hatoi. Bibi yangu, ambaye sidhani kama amewahi kuona bunduki ya jiwe, alinipiga nayo mbele ya wageni.

Fataki nayo ilihamia kwa watu, kwa kuchelewa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio zetu zilijaa matangazo ya kampeni dhidi ya wanaume watu wazima wanaowarubuni wasichana wa shule. Mhusika wao aliitwa Fataki. Ndani ya muda mfupi neno likawa la mtaani, ukimwona mzee wa makamo na binti mdogo kwenye bodaboda, watu wanapiga kelele, "Fatakiii!" Vizazi viwili vya mtambo mmoja vimegeuka kuwa aina mbili za wanaume wabaya.

Hapa Singida kuna neno jingine la ukoo huo. Mzinga ni gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki, na mzinga ni silaha kubwa ya vita. Mtu aliyeona bomba nene, refu na lenye uwazi ndani alitumia jina alilokuwa nalo nyumbani. Mkoa huu unajulikana kwa asali, na Wanyaturu wanasimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewapiga Wajerumani kwa kuwaachilia nyuki. Uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua leo unaitwa Liti. Mzinga dhidi ya mzinga. Hata Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anasema jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wapo wanaosema lilitokana na kupepesa macho.

Nayasema haya kwa sababu nilipoanza kutafuta historia ya bamba lile, maneno yalikuwa ndiyo kumbukumbu pekee ambayo haijachukuliwa na mtu.

*

Silaha zilifikaje bara? Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko la pembe za ndovu, karafuu na watumwa, na ilikuwa pia gati la bunduki ambazo Ulaya na Marekani hazikuzitaka tena. Kila jeshi la Ulaya lilipobadilisha silaha, shehena ya zile za zamani ilitafuta mnunuzi. Walipoacha jiwe, tuliuziwa jiwe. Walipoacha fataki, tuliuziwa fataki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka.

Misafara ilizipandisha bara kupitia Ugogo mpaka Tabora. Kusini ya hapa, Kilimatinde ilikuwa kituo cha njia hiyo. Magharibi, Mirambo alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga wenye bunduki za kushindilia, na mwaka 1871 aliwashinda Waarabu wa Tabora pamoja na Henry Stanley aliyejiunga nao kwa vita ambavyo havikuwa vyake. Nyungu ya Mawe aliitawala Ukimbu, nchi ambayo sehemu yake leo iko ndani ya Mkoa wa Singida. Wote wawili walikufa mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliendelea mpaka Januari 1893. Wajerumani walipoingia ndani ya ngome yake, aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani.

Pwani nako ubadilishaji uliendelea, sasa kwa hatua nyingine. Mmarekani Jacob Snider alibuni namna ya kukata sehemu ya nyuma ya mtutu wa bunduki ya kushindilia na kuweka kifuniko chenye bawaba, ili risasi iingie kwa nyuma. Uingereza ilikubali mwaka 1866, na maelfu ya bunduki za Enfield zikageuzwa. Snider alikufa mwaka huo huo akiwa na madeni. Wingereza walipohamia Martini-Henry mwanzoni mwa miaka ya 1870, silaha zake nazo zikawa za zamani, na zikaonekana mikononi mwa askari wa Sultan Barghash waliofundishwa na Lloyd Mathews kuanzia mwaka 1877.

Mpaka hapo hadithi inakwenda mbele: mrao, jiwe, fataki, risasi ya nyuma. Kisha tarehe 2 Julai 1890 ikarudishwa nyuma kwa sheria.

Siku hiyo mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, silaha bora zilipigwa marufuku kuuzwa kwa wenyeji. Zilizoruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mwafrika akapewa, kwa maandishi, teknolojia ambayo Ulaya iliiacha miaka hamsini nyuma. Mji wa Liège nchini Ubelgiji, uliokuwa ukitengeneza bunduki za biashara kwa soko letu, uliendelea kutengeneza silaha za jiwe wakati majeshi ya Ulaya yanabeba bunduki za magazini. Zilikuwepo hata silaha za fataki zilizorudishwa kuwa za jiwe ili ziweze kuuzwa Afrika.

Ndiyo maana lile bamba la babu lilinifanya nikose usingizi. Lilikuwa limekwenda mbele, kutoka jiwe kwenda fataki, na kazi ya kuziba vidoa ile haikuwa ya kiwandani. Kidoa kimoja kimepinda. Tupa imepita kwa mikwaruzo ya mkono. Fundi fulani, sijui wa Birmingham, wa Zanzibar au wa Kilimatinde, alikaa chini na kufanya kazi hiyo mwenyewe.

*

Niligeukia sasa swali la dalali. Thamani yake ni nini?

Marekani wapo watu wazima, wenye akili timamu, wanaokusanya vipuri vya kubadilishia bastola za zamani, na wanavifahamu kuliko mimi ninavyofahamu ukoo wangu. Kisa kinachowavutia zaidi kilianzia kwenye hataza. Mwaka 1855 Rollin White alisajili wazo la silinda ya rivolva iliyotobolewa moja kwa moja ili risasi iingie kwa nyuma. Kampuni ya Smith & Wesson ikachukua haki ya kuitumia, na mpaka mwaka 1869 washindani walifungiwa mlango. Kampuni ya Colt, yenye rivolva za fataki nyingi na maghala ya vipuri, ikatafuta njia ya kuuzunguka. Mwaka 1868 F. Alexander Thuer alipata hataza ya silinda iliyopokea risasi kwa mbele, na ungeweza kuitoa na kurudisha ile ya fataki. Hataza ya White ilipokwisha, Charles Richards alileta mabadiliko yake mwaka 1871, na Colt wakatumia akiba ya vipuri vya zamani kutengeneza silaha za aina mpya, mpaka ilipokuja rivolva mpya kabisa ya mwaka 1873. Wajerumani nao, miaka ya 1930, kupitia kiwanda cha Erma, waliuza visanduku vya vipuri vya kuigeuza bastola ya Luger ipige risasi ndogo za bei nafuu kwa mazoezi.

Leo kisanduku kamili cha namna hiyo, chenye vipande vyote, kinaweza kumpa mtu sababu ya kusafiri nchi nzima. Sheria zao za thamani ni rahisi kueleza. Namba zilingane. Rangi ya chuma iwe ya kiwandani. Vichwa vya skrubu visiwe vimeharibiwa na bisibisi. Kisanduku kiwepo. Na kubwa kuliko zote: mabadiliko yawe yamefanywa na kiwanda. Ikionekana kwamba yalifanywa na fundi wa mtaani asiyejulikana, bei inashuka. Na kama mtu ameirudisha silaha iliyobadilishwa katika hali yake ya mwanzo bila kusema, hapo ni udanganyifu, na vidoa kwenye bamba ndivyo vinavyomuumbua.

Kwa kipimo hicho bamba la babu ni gumegume kweli. Halina namba, halina rangi, halina kisanduku, halina hata bastola. Mabadiliko yake ni ya fundi wa mtaani.

Lakini nilipofika hapo nikaona kipimo chenyewe kinapima nini. Mkusanyaji wa Connecticut anataka kujua habari za kiwanda, kwa sababu kiwanda ndicho historia yake. Vitabu vya kiwanda vipo, namba zipo, majina ya wenye hataza yapo. Sisi historia yetu ya chuma iko kwa yule fundi asiyeandikwa popote. Akifutwa yeye, tunabaki na orodha ya vitu tulivyouziwa. Kidoa kilichopinda, kinachoshusha bei huko, kwangu ndicho sehemu pekee ya bamba inayosema kwamba kuna mtu aliyekishika kitu kilichotupwa na wengine, akakielewa, akakigeuza.

*

Singida si mahali pa kushangaa habari za kugeuza vitu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakuta Wajerumani, makampuni mengi ya askari wao hapa bado yalikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya moshi mwingi uliomwonyesha adui mpigaji alipo. Wakafungiwa bahari, wakaanza kubadilisha kila kitu. Manowari Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu katika karakana ya Dar es Salaam, ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa. Na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha fedha. Ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja, zaidi ya 16,000. Dhahabu ilitoka Sekenke, huku huku kwetu, Iramba.

Sarafu ile ina bei, na bei yake ni kubwa. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipozaliwa. Kila kijiji kina mtu anayechimba "mali ya Mjerumani." Kila wiki kuna kijana anayeuliza rupia. Sumaku ya dalali wangu ni ya ukoo wa uvumi uleule uliowafanya watu wa Saudi Arabia mwaka 2009 wagombanie cherehani kuukuu za Singer, wakiamini zina zebaki nyekundu ndani. Wanaotafuta mali hiyo wanaamini thamani ni kitu alichokificha mzungu kikisubiri kufukuliwa. Hawaulizi aliyekitumia baadaye alikuwa nani.

Nilimjibu dalali kwamba si ya Mjerumani. Hakunijibu tena.

*

Ikabaki bei ya baba mdogo: kesi. Hiyo haikuwa ya mzaha. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa watu kusalimisha silaha kwa hiari. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inaitaja silaha ya kale, na inaweka mpaka kwamba iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa hivyo. Mengine yanaachiwa sheria za kila nchi. Bamba la babu liko upande wa zamani wa mpaka huo kwa miongo mingi. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, nimeandika habari za watu waliouawa kwa magobole kwa ajili ya ng'ombe. Nisingeweza kumwambia askari kwamba chuma changu ni historia na cha jirani ni silaha, kwa sababu tu mimi nimesoma chuo.

Nilimwambia bibi nataka kulipeleka kituoni. Nilidhani atakasirika. Aliuliza swali moja: "Wataliyeyusha?"

"Sijui, bibi. Inawezekana."

Alinyamaza, akachukua bamba, akaweka kidole kwenye lile tundu la ovyo karibu na mkia. Tundu hilo lilinisumbua siku mbili. Halikuwa la jiwe, halikuwa la fataki. Sikulikuta kwenye picha yoyote niliyolinganisha nayo.

"Hili alilitoboa babu yako," alisema. "Mtutu ulichukuliwa zamani, kabla sijaolewa. Hiki kikabaki. Nilipokuja hapa, mbuzi walikuwa wanatoka usiku, fisi wanawamaliza. Akakitoboa, akakipigilia msumari kwenye mlango wa zizi, kikawa komeo. Nimekisukuma mimi kila asubuhi mpaka zizi lilipovunjwa."

Kwa hiyo kulikuwa na ubadilishaji wa pili. Jiwe, fataki, komeo. Zile kingo zinazong'aa zilisuguliwa na msumari, kwa mkono wa bibi yangu, miaka mingi kuliko pengine ile ambayo kitu kile kiliwahi kuwa bastola.

Kabla ya kutoka niliweka karatasi juu ya bamba nikaisugua kwa penseli, kama watoto wanavyofanya kwa sarafu. Umbo lote lilitokea: tundu kubwa, skrubu, vidoa vitatu kwa mbali, na tundu la komeo jeusi tii. Nilimwita mwenyekiti wa mtaa, akasema tusiende na mtu mmoja, tukaenda watatu, bibi akiwa mbele na kanga yake ya msibani.

Askari wa zamu aliligeuzageuza. "Hiki kinafyatua?"

"Hakifyatui, afande."

"Mtutu uko wapi?"

"Ulichukuliwa na serikali ya wakoloni," bibi akajibu. "Ulizeni huko."

Askari akacheka, akaandika kwenye daftari, akasema kibaki pale mpaka wakubwa wakiangalie. Akauliza aandike ni kitu gani. Mimi nilianza kueleza: bamba la mtambo wa bastola ya kushindilia, iliyogeuzwa kutoka gumegume kwenda fataki. Kalamu yake ilisimama kwenye neno la tatu. Bibi akaniwekea mkono begani.

"Andika komeo la zizi," alisema.

Ndivyo kilivyoandikwa. Mpaka leo kiko huko. Karatasi ya penseli iko mezani kwangu, na kila ninapompigia simu bibi nachelewa kidogo, makusudi, nimsikie akiniita lile jina.